Sauti ya Kiti cha Tatu

3 Februari

Kasuku wangu,

Nakusalimu kwa mkono huu uliojaa matundu ya sindano. Huku tu wazima. Kaka yako amepandishwa cheo ofisini, siku hizi anavaa tai hata Jumamosi. Mkewe ana mimba ya pili, wanamtarajia mtoto mwezi wa nane. Yule mkubwa wao kang'oka meno mawili ya mbele, sasa kila akiniita bibi ananirushia mate.

Kaka yako anashangaa kwa nini mimi nawe bado tunaandikiana barua na simu zipo. Nimemwambia kwenye simu wewe husema "niko sawa" kabla sijauliza. Kwenye karatasi angalau unafikiri kwanza.

Kazini mambo yamebadilika. Jengo limepata mwenyewe mpya. Veranda yetu imepakwa rangi nyeupe ya kuumiza macho, na kwenye dari wamebandika vitu vya duara, bapa kama sahani. Msimamizi wa jengo anasema ni mapambo. Fundi saa wa kiti cha kwanza ameondoka. Miaka kumi na tisa tumekaa naye, na hakuaga, alituma mtu tu kusema macho yake yamechoka. Mzee mpiga chapa wa kiti cha pili naye anaulalamikia mgongo. Mimi bado nipo kiti cha tatu na cherehani yangu. Wa nne ni fundi viatu. Unamkumbuka, sikio lake la kulia limekufa tangu utotoni, na la kushoto husikia likipenda.

Sasa nikuulize jambo, na usinicheke. Uko mzima kweli? Na kuna neno nililowahi kukuambia likakuuma, ukalimeza? Kama lipo, litapike tu. Mimi ndiye niliyekulea, siwezi kushindwa kulisikia.

Shangazi yako, ambaye hajabadilika


27 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nimesimama mlangoni na koti bado liko mwilini. Hongera kwa kaka. Mwambie tai ya Jumamosi inamfanya mtu aonekane kama anakwenda kujitetea mahakamani. Mpe pole wifi na uchovu wa mimba.

Mimi mzima, na hujaniudhi. Wazo hilo umelitoa wapi? Tangu nilipokuja kwako na mfuko mmoja wa nguo, sijawahi kulala na kinyongo juu yako. Labda ile mara uliyoninyoa kipara kwa sababu ya chawa.

Kazi inakwenda vizuri kupita kiasi. Maonyesho yetu yamefunguliwa kwenye jumba la makumbusho, na watu wanapanga foleni. Ni ukumbi mrefu mweupe, mtupu kabisa. Mtu anatembea, anakanyaga alama sakafuni, na ghafla anasikia mtu akimsemesha sikioni, kama kasimama nyuma ya bega lake. Akisogea hatua moja, kimya. Mwenzake aliye kando hasikii kitu. Uliwahi kusema nikueleze kwa lugha ya binadamu, basi ni hivi: spika ya kawaida humwaga sauti kama ndoo ya maji, hii yetu huimulika kama tochi. Inarusha mawimbi ya juu mno ambayo masikio yetu hayayapati, yakiwa njiani hewa yenyewe inayageuza kuwa maneno. Nimeona wazee wenye suti wakilia pale.

Chumba changu cha kazi hakina dirisha. Kuta zote ni sponji, nikipiga chafya haina mwangwi. Naingia asubuhi, natoka jioni, na mchana mzima sijui kama nje kunanyesha. Siwezi kulalamika, maana kibali changu cha kukaa kimeandikwa jina la studio iliyoniajiri. Nikitoka mlangoni mwao nimetoka nchini mwao.

Hizo sahani za darini ni kubwa kiasi gani?

Kasuku wako


2 Aprili

Mwanangu,

Samahani kwa kuchelewa. Natumai umeamka salama na chafya zako zimepata pa kurudi. Mjukuu anajifunza kusoma, amenisomea kibandiko cha sabuni mara nane.

Nakuandikia kutoka nyumbani. Siendi kazini siku hizi. Barua hii ataipeleka posta fundi viatu, na zako zipitie kwake, kwenye anwani iliyo nyuma ya bahasha. Hapa nyumbani barua zinafunguliwa kwanza, kwa nia njema, wanasema.

Tangu mwezi wa kwanza nasikia mtu akinisemesha kazini. Nikikaa tu na kukanyaga pedali, dakika chache, huyo sikioni. "Inuka. Nenda zako. Hapa si kwako." Polepole, bila hasira, na hilo ndilo baya, maana mwenye hasira ungemjibu. Nikiinuka kwenda msalani, kimya. Nikirudi, anaanza upya. Nilimuuliza mpiga chapa, "Mzee, umesikia?" Akainamisha uso kwenye mashine yake, akasema hapana, mbio mbio. Wiki iliyofuata hakuja tena. Nilimuuliza fundi viatu, akasema, "Nasikia njaa tu."

Nilikaza moyo. Lakini mikono haikukaza. Nilikata sare za shule nzima, mikono yote ya kushoto. Kaka yako alipokuja kunichukua akanikuta naibishana na ukuta.

Daktari ni kijana mpole. Aliniuliza kama sauti ipo hata nikisogea. Nikasema nikisogea hatua mbili haipo. Akaandika sana. Sasa nina vidonge viwili, cha asubuhi cheupe, cha mchana cha njano, na ulimi umekuwa mzito kama soksi. Geti linafungwa. Ufunguo anao mkwe wangu, wifi yako, kwenye mfuko wa aproni. Ananitunza vizuri, sina la kumlaumu. Ila nikisogea karibu na geti anaanza kufagia hapo hapo nilipo.

Kama sauti ile ni ya mtu ninayemjua, usiniulize. Hilo nitakaa nalo mwenyewe.

Shangazi


25 Aprili

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo tena na tena. Nafurahi mjukuu anasoma. Huku baridi imepungua, watu wameanza kukaa nje. Yule mwenzangu ninayepanga naye chumba, anayefua nguo za hospitali, anakusalimia, amejifunza kusema "habari" na anaisema hata saa ya kuaga. Maonyesho yameongezewa miezi mitatu. Mkuu wa studio alikata keki.

Pole sana kwa yaliyokupata. Nimesoma barua yako mara nyingi. Nadhani kupumzika si vibaya. Umefanya kazi miaka mingi. Daktari anajua zaidi yetu, na kaka anakupenda. Jaribu kumsikiliza.

Fundi viatu akija, muulize zile sahani ziko ngapi, na kila moja imeelekezwa wapi. Ni udadisi wangu tu.

Kazi ni nyingi, nitaandika kwa kirefu.

Kasuku


20 Mei

Mwanangu,

Salamu. Sisi tupo. Wifi yako miguu imevimba, kaka yako amenunua kiti cha mtoto kabla ya mtoto.

Fundi viatu amehesabu. Sahani ziko saba, viti vyetu ni saba. Kila moja inatazama kiti chake kutoka juu. Viti vitano sasa ni vitupu.

Nilisema usiniulize, na kweli hukuniuliza. Hukuuliza chochote. Uliniambia nimsikilize daktari. Wewe, uliyewahi kuniuliza kwa nini maji hayana kona, leo shangazi yako anasemeshwa na hewa nawe unanipa habari za keki. Nimeshika barua yako siku tatu nikiitafuta sehemu uliyopo, sikuipata.

Basi nitasema mimi. Ile sauti ni yako.

Nakujua hata ukikohoa. Unavyovuta pumzi kabla ya neno la kwanza, unavyokanyaga "nenda" kama mtu aliyechoka. Siku ya kwanza nilidhani umekufa na umepita kwangu. Nilishona kutwa nzima huku machozi yanalowesha kitambaa cha watu. Ndipo nikakuandikia kukuuliza kama u mzima, na ulipojibu nilicheza ngoma peke yangu jikoni. Kisha nikafikiri, kama yuko hai, basi ni moyo wake unaonifukuza kutoka huko aliko. Ndiyo maana sikumtajia mtu yeyote. Sikumwambia hata daktari. Wangekuchukia.

Sikuombi unitoe hapa. Vidonge nitameza, geti nitalizoea. Nataka jambo moja tu. Maneno yale, uliyasema au hukuyasema?

Shangazi yako


4 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Leo salamu zangu ni fupi, unisamehe.

Niliyasema.

Lakini sikuyasema kwako. Miaka miwili iliyopita mkuu wa studio alitengeneza kazi ya sanaa kuhusu watu wanaofukuzwa makwao. Alitaka mtazamaji ajue inakuwaje kuambiwa hapa si kwako. Kila msaidizi alisoma maneno yale kwa lugha ya kwao. Nami niliingia kwenye kile chumba cha sponji nikayasoma kwa lugha yetu, mara arobaini, mpaka akasema, "Hapo, hivyo hivyo, kama mtu aliyechoka." Nilijivunia. Watu walilia ukumbini, nikadhani tumefanya jambo jema.

Mwaka jana studio ilianza kuwauzia spika wenye majengo. Mimi mwenyewe nilizifunga kwenye maboksi saba na kuandika jina la mji wetu. Nilifurahi, nikafikiri mtasikia ndege wa kurekodiwa. Sikuuliza ndani wameweka sauti gani. Ulipoandika kuhusu sahani nilianza kuogopa, na ulipoandika maneno yenyewe nilijua. Nilijua, Shangazi, na bado nikakwambia umsikilize daktari. Nimetia sahihi mkataba kwamba sitasema neno kuhusu wateja. Nikisema, kazi imekwisha, na kibali kimekwisha. Nilikaa wiki sita nikitafuta namna ya kukuokoa bila mimi kuguswa. Haikuwepo.

Huumwi. Hujawahi kuumwa. Nenda na kaka, akae yeye kwenye kiti chako, dakika tano. Kisha shikeni blanketi zito lililokunjwa mara nne, juu ya kichwa chake, kati yake na sahani. Sauti itakatika. Mkiliondoa itarudi. Wazimu hauzuiwi na blanketi.

Barua hii ina jina langu lote na sahihi yangu. Msomee kaka, daktari, msimamizi, yeyote. Mpiga chapa na fundi saa walisikia pia, nina hakika, kila mmoja na sahani yake. Waliona aibu kama wewe.

Siombi msamaha kwenye barua hii. Hii ni ya kukutoa.

Binti wa kaka yako


11 Julai

Mwanangu,

Tu wazima, na nakuandikia nikiwa verandani.

Kaka yako aliisoma barua yako kasimama, akaisoma tena kakaa, kisha akanitazama. "Mama, hata huyu naye?" Alidhani ugonjwa wangu umekupata kwa posta. Fundi viatu ndiye aliyekuja kututetea, akipiga kelele sebuleni kama kawaida yake. "We bwana mkubwa, unaogopa kiti?" Kaka yako akasema twende Jumamosi ili yaishe.

Alikaa na tai yake. Mimi nilisimama na blanketi. Msimamizi alikuwa anatuchungulia dirishani. Dakika ya kwanza, kimya, nikaanza kujishuku. Mara kaka yako akageuka nyuma kama kaguswa.

"Nani kasema?"

"Kasema nini?" nikamuuliza.

"Kasema niinuke."

Nikaweka blanketi. Akasikiliza. Nikaliondoa. Akanyanyua mkono niliweke tena. Mara nne, mwanangu, kama mtoto na swichi ya taa. Kisha akashika kile kitambaa nilichokiacha kwenye cherehani mwezi wa tatu, akaficha uso wake humo. Sikumgusa. Nilitaka kumgusa, lakini sikumgusa.

Tulijaribu viti vyote. Kila kimoja kinasema. Cha fundi viatu nacho, miezi mitano kinamfukuza mtu asiyesikia! Alipoambiwa alicheka mpaka akakaa chini, halafu akakasirika. "Yaani wamenitukana muda wote huu na hakuna aliyenistua?"

Tulikwenda kwa mpiga chapa. Alishikilia mgongo wake mpaka aliposoma ukurasa wa pili wa barua yako. Akamwita mkewe kutoka jikoni, akampa aisome, akatoka nje. Mkewe alikuwa hajamsikia akizungumza sentensi nzima tangu aache kazi. Siku ya pili alirudi na mashine yake, akatuchapia malalamiko nakala saba bila kosa hata moja. Fundi saa aliweka sahihi, ila kurudi hataki. Anasema hawezi tena kukaa mahali na mgongo wazi.

Msimamizi alitujibu kwamba mwenye jengo ameleta sanaa na sisi hatujui sanaa. Watu wa manispaa walikuja, wakakaa kwenye viti mmoja mmoja, wakaondoka bila kutuangalia usoni. Wiki iliyopita sahani zilishushwa. Lakini jana tumepewa karatasi, veranda itafungwa mwezi wa kumi na mbili kwa matengenezo. Kwa hiyo bado wanatutoa, sasa kwa maandishi. Mpiga chapa anatayarisha majibu.

Ufunguo wa geti kaka yako aliuweka mezani karibu na sahani yangu ya chakula, akaniuliza kama chai imepoa. Ndivyo alivyoweza. Vidonge nimemwaga. Daktari ameomba nakala ya barua yako.

Nikwambie na hili, maana tumeanza kusemezana kweli. Dari sasa ni tupu. Nikikaa kwenye kiti changu na kukanyaga pedali, bado nakusikia.

Shangazi


6 Agosti

Shangazi,

Shikamoo. Natumai wifi yu salama, siku zake ndizo hizi. Mwenzangu wa chumba anasema "habari" zake zote ni zako.

Barua yangu ilirudi huku kabla ya yako. Mwenye jengo aliituma studio. Mkuu hakufoka. Aliniita, akaniomba kadi ya mlango, akasema amesikitika kwamba nimeshindwa kuielewa kazi yake. Kibali kilikwisha siku ileile, lakini wamenifungulia kesi ya kuvunja mkataba, na mpaka isikilizwe siruhusiwi kuondoka. Siruhusiwi kufanya kazi na siruhusiwi kwenda. Kila Jumatatu naripoti kwenye ofisi yenye viti vilivyofungwa sakafuni. Mwanasheria wa msaada anasema huenda ni Januari, huenda zaidi.

Sijutii barua. Najutia zile wiki sita.

Jumapili nilipiga simu kwako. Ulipokea. Nilisema "Shangazi", nikasikia cherehani ikisimama, nikakusikia ukipumua. Kisha simu ikakatika. Nimejiambia ni mtandao. Nimejiambia hivyo kwa siku sita.

Ni mtandao?

Binti wa kaka yako


29 Agosti

Mwanangu,

Wifi yako amejifungua mtoto wa kike, ana nywele nyingi na sauti ya mnadani. Kaka yako hajafunga tai tangu Jumanne. Mpiga chapa amepata mtu wa magazeti wa kutusikiliza, na veranda ina viti vitano vyenye watu. Fundi viatu amejiteua msemaji wetu, maana mwenye jengo akimjibu yeye hasikii.

Haukuwa mtandao. Niliikata.

Uliposema "Shangazi" nilifurahi kwa muda wa pumzi moja, halafu mikono ikasimama yenyewe, mwili ukataka kuinuka na kuondoka. Niliinuka kweli. Nilifika barabarani na mkasi mkononi ndipo nikajua nimetoka. Si hasira. Nimeichunguza kama pindo, nikaigeuza huku na huku, hasira sijaiona. Ni masikio tu, yamefundishwa vibaya. Walichukua kitu nilichokipenda kuliko vyote ndani ya nyumba hii, wakakifanya fimbo.

Kwa hiyo usipige simu. Andika. Kwenye karatasi unakuja ukiwa mzima, na nakusoma kwa sauti yangu mimi, kwa sauti ya juu, hata fundi viatu anapata habari zako.

Kesi ikiisha, iwe Januari au lini, njoo. Chumba chako nimekifungua madirisha yote mawili. Ila nakuomba, siku za mwanzo usiseme neno. Hata salamu usitoe, nipe mkono tu. Ukae karibu nami, unishikie ncha ya kitambaa nikikata. Nitaongea mimi. Nitakuhadithia kutwa nzima, upuuzi na maana, mpaka nizoee tena kuwa nawe ubavuni. Na siku utakayoniona nakata moja kwa moja bila mkasi kupinda, niite. Anza polepole.

Shangazi yako